Resini ya meza na Ziwa Magadi langu la sentimita 60

Seti hii ya resini, kimiminika cha chupa mbili ambacho kikichanganywa huganda kuwa kigumu, niliinunua Juni kwa ajili ya reli yangu ya mfano, katika duka moja la vifaa vya useremala kule Industrial Area, Nairobi. Shilingi 3,200 kwa kilo moja na nusu: chupa A kubwa, chupa B ndogo. Walionitangulia foleni walikuwa mafundi wa zile meza zenye mto wa buluu katikati ya mbao. Kijana wa kaunta akaniuliza meza yangu ni ya futi ngapi. Nikamwambia si meza, ni ziwa. "Ziwa, mzee?" Akamwita mwenzake aje asikie.

Nimelelewa Muthurwa, baba akiwa Reli, na hadithi zake nyingi zilikuwa za tawi la kutoka Konza kwenda Magadi, mabehewa yakirudi yamejaa magadi ya ziwani. Sasa nina tawi hilo kwa mfano mdogo, kwenye rafu ya mita mbili sebuleni kwangu Buruburu, kila kitu kwa kipimo cha 1 kwa 87. Reli yetu ya zamani ina upana wa mita moja. Gawa kwa 87 upate milimita 11 na nusu, ndiyo maana natumia njia ya milimita 12, ile inayotengenezwa kwa wanaounda mifano ya treni za milimani za Uswisi. Wa reli mpya ya SGR mtahitaji njia pana zaidi, milimita 16 na nusu.

Turudi kwa chupa. Sifa yake kubwa, kama mnavyosoma kwenye lebo, ni kwamba hukauka ikiwa angavu kama kioo. Kweli hukauka hivyo, na hapo ndipo tabu yangu ilipoanzia. Ziwa Magadi si kioo. Ni maji ya kina kifupi, mekundu-mekundu kwa sababu ya vijidudu vinavyopenda chumvi, na juu yake gamba jeupe lililopasuka-pasuka. Jaribio la kwanza nilimimina resini tupu juu ya ubao uliopakwa rangi moja ya waridi. Binti yangu akainama, akatazama. "Baba, hii ni jeli ya Krismasi."

Basi nikajifunza kwamba maji hupakwa kabla ya kumiminwa. Chini nilipiga rangi ya akriliki: kahawia ya matope katikati, waridi kuelekea ufukweni, nyeupe chafu ukingoni, nikizichanganya kwa sponji zikiwa bado mbichi ili pasionekane mpaka. Ndani ya resini yenyewe nilitia nyekundu kiasi cha ncha ya kijiti cha meno, na kahawia nusu ya hapo. Ukizidisha rangi ya maji humo, inakuwa maziwa.

Kuhusu vipimo, msimsikilize mtu wa kaunta. Wa kwangu aliniambia A na B sawa kwa sawa. Nashukuru nilijaribu kwanza kwenye kifuniko cha mkebe: siku ya nne bado kilikuwa kinanata kama ubani. Lebo, kwa maandishi ya kutafutwa na miwani, inasema mbili kwa moja. Ziwa langu ni sentimita 60 kwa 25, kwa hiyo tabaka la milimita 2 lilikula mililita 200 za A na 100 za B. Kesho yake nikaongeza tabaka la milimita 1, nusu ya hapo. Usimimine nene kwa mkupuo mmoja. Resini huchemka yenyewe inapoganda, na chini ya ziwa langu kulikuwa na povu jeupe la boksi la televisheni, ambalo halipendi joto.

Tena ziba kila tundu. Mimi ni fundi wa stima, nilikuwa nimetoboa shimo la waya wa taa ya stesheni nikalisahau. Usiku resini ikapita humo tone kwa tone hadi kwenye kiatu changu cha kazini. Kiatu sasa kina soli mbili.

Baridi ya Julai nayo ina mambo yake. Chupa A ilikuwa nzito kama asali, na ukikoroga inashika mapovu. Niliiweka kwenye karai la maji ya uvuguvugu dakika kumi, ikalainika. Mapovu yaliyobaki niliyapitishia moto wa kiberiti cha gesi haraka-haraka, bila kukaa mahali pamoja. Madirisha wazi, glavu mkononi.

Gamba la chumvi ndilo nililolipenda kuliko yote. Nilinunua magadi yenyewe, yale ya kupikia kunde, nikayatwanga na kuyachekecha kwa kichujio cha chai. Mara ya kwanza niliyanyunyiza resini ikiwa mbichi. Yakalowa, weupe ukapotea, yakawa kama mafuta yaliyoganda kwenye sufuria. Mara ya pili nilisubiri mpaka kidole kikigusa kinashikwa kidogo tu, kama karatasi ya peremende. Hapo punje zikakaa juu, nyeupe, kavu. Nikachora nyufa kwa wembe.

Mengine ni ya kawaida: udongo wa Kajiado niliouchota kando ya barabara, gundi nyeupe ya mbao iliyozimuliwa kwa maji na tone la sabuni ya vyombo, nyasi za kamba ya katani, migunga ya waya wa shaba na sponji ya godoro. Heroe (flamingo) wa kipimo hiki wana urefu wa sentimita moja hivi. Nilitengeneza kumi na mmoja, macho yakakataa.

Kwa ziwa lililotulia, resini hii naipa nne kwa tano. Kwa Mto Athi uliofura siipi hata mbili, maana hujisawazisha yenyewe na haishiki wimbi; mawimbi utayajengea juu kwa silikoni angavu ya kuzibia sinki, ukiivutavuta kwa kijiti. Duka lenyewe nalipatia tatu. Wana seti ya nusu kilo wasiyoiweka mbele, nami ningenunua hiyo, kwani nimebakiwa na zaidi ya nusu ya hii. Kabla ya kulipa fungua chupa B pale pale kaunta. Kifuniko cha yangu kilikuwa kimelegea, na mfuko mzima ulikuwa unanata nilipofika nyumbani.