Prodigy P3 kwenye Hilux: mpangilio wa breki za trela

Ninayotumia ni Tekonsha Prodigy P3, kidhibiti cha breki za umeme za trela, imefungwa kwenye Hilux inayovuta trela ya ekseli mbili yenye breki za umeme za inchi 12. Kwenye barabara ya Masaka imeniridhisha: ukikanyaga pedali taratibu, trela nayo inashika taratibu, haikusukumi kwa nyuma.

Ila ifungwe ikitazama mbele sawasawa, maana ndani yake kuna kihisio kinachopima jinsi gari linavyopunguza mwendo.

Mpangilio ufanye ukiwa na mzigo wako wa kawaida. Trela tupu hudanganya, tairi zake hujifunga mapema. Boost (nyongeza ya nguvu, nitaieleza chini) iwe imezimwa. Anza na kiwango cha nguvu 6.0, nenda kilomita 40 kwa saa kwenye lami kavu iliyo tambarare, kisha sukuma swichi ya mkono ya kidhibiti, inayoshika breki za trela peke yake, bila kugusa pedali. Rudia mpaka breki zipate moto, ndipo uamini unachokiona. Tairi zikiburuzika, punguza. Trela ikizembea, ongeza. Unataka nguvu iishie kidogo tu kabla ya tairi kujifunga. Ukiingia maramu, au mvua ikinyesha, punguza tena.

Boost huongeza nguvu pale mwanzo wa kukanyaga, na ina ngazi zake. B1 inafaa trela iliyo nyepesi kuliko gari, B3 ile iliyo nzito kuliko gari. Kuna wanaokimbilia B3 kwa sababu breki hazishiki, halafu kwenye foleni ya Kampala trela inawatingisha kila wakigusa pedali.

Breki zisiposhika, mimi huanza na waya. Kila breki ina sumaku yake ya umeme; sumaku moja ya breki ya inchi 12 hula takriban ampea 3, kwa hiyo nne zifike karibu 12. Pima kwenye waya wa bluu, ule unaopeleka umeme kwenye breki, nguvu ikiwa juu kabisa na swichi ya mkono imesukumwa hadi mwisho. Ukipata 9, sumaku moja haipati umeme; zote zikiwa dhaifu, shuku ethi (njia ya kurudisha umeme). Mafundi wengine huiachia ethi ipitie kwenye kiungo cha kuvutia, penye grisi na kutu! Ipewe waya wake mweupe kupitia plagi.

Kioo kikionyesha kwamba trela haijaunganishwa ilhali imechomekwa, safisha pini za plagi, vumbi letu halina huruma. Kikionyesha shoti, mara nyingi ni waya uliochubuka ndani ya ekseli.

Breki shuu zikiwa mpya, rudia mpangilio baada ya kilomita 300 hivi, zikishakaa vizuri kwenye ngoma za breki.