Chevrolet 602 kwenye udongo: farasi 350 wanafika wapi?

Chevrolet 602 ni injini ambayo wanaokimbiza magari kwenye viwanja vya udongo Marekani huiita injini ya kreti. Inatoka kiwandani ikiwa imefungwa tayari, boliti za hedi, sampu na mfuniko wa mbele zimepigwa lakiri, na mnunuzi haruhusiwi kuifungua. 602 ni V8 ya lita 5.7: bloku na hedi za chuma cha kusubu, mgandamizo wa 9.1 kwa 1, nguvu za farasi 350. Ndugu yake, 604, ana hedi za alumini, kamshafti ya rola na farasi 400. Juu yao wote zipo injini huria, zisizo na lakiri, za Super Late Model, daraja la juu la magari ya mbio za udongo, zinazopita farasi 800 na kugharimu makumi ya maelfu ya dola.

Kwa namba hizo 602 inaonekana injini ya kubebea mchanga. Lakini kwenye udongo si kila farasi anayefika chini.

Chukua gari la kilo 1,050 lenye asilimia 55 ya uzito nyuma. Udongo ukiwa na unyevu mzuri na kunata, tuseme mshiko wa tairi ni 1.0, yaani tairi linaweza kusukuma kwa nguvu sawa na uzito lililobeba. Kwa kilomita 100 kwa saa, magurudumu ya nyuma yanaweza kupeleka chini kama farasi 210 tu kabla ya kuanza kuzunguka bure. Udongo ukikauka na kung'aa, mshiko ukashuka hadi 0.6, unabaki na farasi 127 hivi. Uzito unaohamia nyuma ukikanyaga mafuta na upepo unaokandamiza bodi huongeza kidogo, ila picha haibadiliki: kwa mwendo huo hata 602 ina nguvu ya ziada. Mwenye farasi 800 hapo kazi yake kubwa ni kuzuia mguu.

Kona ndiyo inayokula muda zaidi. Kona tambarare ya nusu kipenyo cha mita 40 inapitika kwa kilomita 71 kwa saa mshiko ukiwa 1.0, ukishuka hadi 0.6 unapita kwa 55. Kilomita 16 zimeondoka na hakuna injini itakayozirudisha.

Mambo hugeuka uwanja unapokuwa mrefu na wenye kunata. Eldora ya Ohio, iliyofunguliwa 1954, ina urefu wa nusu maili, yaani mita 805, na kona zake zimeinuliwa sana upande wa nje. Kwa kilomita 160 kwa saa gari lile lile, mshiko wa 1.0, linaweza kutumia farasi 337 hata kabla ya kuhesabu upepo na mwinuko wa kona. Hapo 602 imefika mwisho wa pumzi yake huku injini huria ikiendelea kuvuta, na pengo linaonekana kwenye kila sehemu iliyonyooka. Kwa hiyo injini hii tunaipendekeza kwa viwanja vya robo maili (mita 402) hadi tatu ya nane ya maili (mita 603), hasa vile vinavyokauka mapema usiku. Kwa nusu maili, iendeshe tu kama daraja zima la mashindano linatumia 602.

Gia ya difu ndiyo inayoamua kama utaifurahia au utailaani. Kwa tairi la nyuma lenye mzingo wa mita 2.24, kilomita 129 kwa saa ni mizunguko 960 ya gurudumu kwa dakika. Uwiano wa 6.00, yaani injini mizunguko sita kwa mmoja wa gurudumu, unaiweka injini kwenye 5,760, na tairi likiteleza kidogo inapanda zaidi ya hapo. Huko springi za valvu za 602, ambazo ni laini, huanza kushindwa: valvu hazifungi kwa wakati, injini inakohoa, na dereva anadhani kabureta imekosa mafuta. Uwiano wa 5.70 unaishusha hadi 5,472. Wenye injini huria hupunguza uwiano mara uwanja unapokauka ili tairi zisizunguke bure. Kwa 602 usiige kwa pupa. Mwendo wa kona umeshashuka, na ukipunguza sana unatoka kwenye kona injini ikiwa imelala. Badilisha jozi moja ya gia, usikilize, ndipo uamue.

Tena, dereva wa 602 hapati ruhusa ya kusimama katikati ya kona. Akiachia mafuta yote amepoteza mizunguko ambayo injini hii huirudisha polepole. Kwenye udongo uliokauka, mstari wa duara pana unaotafuta unyevu uliobaki, mara nyingi karibu na tuta la udongo laini la upande wa nje, humlipa kuliko kukata kona kwa chini. Uwanja ukishika raba, yaani njia moja ikawa nyeusi kwa raba za tairi, mshiko unarudi lakini kwenye mstari huo mmoja tu. Kupita mtu ni shida, na tairi laini hupata malengelenge.

Yanayoiua injini hii mara nyingi si mbio zenyewe. Kamshafti yake hutumia tapeti bapa, kwa hiyo oili ya kawaida ya magari ya kisasa, yenye zinki kidogo, hula ncha za kamshafti. Tumia oili ya mbio yenye zinki ya kutosha. Mara ya kwanza ikiwaka, usiiache ikinguruma polepole: ishikilie karibu mizunguko 2,000 kwa dakika 20 hadi 30, maana tapeti hulainishwa na oili inayorushwa na krankshafti. Taiming ya jumla, yaani kiasi ambacho cheche hutangulia pistoni kufika juu, huwekwa kati ya digrii 32 na 34. Kuongeza zaidi hakuleti mwendo, kunaleta kugonga.

Tope la raundi za mwanzo huziba rejeta, hivyo joto likipanda ghafla angalia wavu wa mbele kabla ya kulaumu pampu ya maji. Vumbi la usiku ni baya zaidi. Kichujio cha hewa kilichokaa upande, hata kwa uwazi wa milimita moja, huingiza mchanga unaokwangua ringi, na kwa kuwa injini ina lakiri huwezi kuinua hedi mwenyewe. Unaipeleka kwa fundi aliyeidhinishwa. Paka grisi nyembamba kwenye ukingo wa kichujio na ukisafishe kila usiku wa mbio. Springi za valvu zipimwe kila baada ya mbio chache. Zinachoka kabla ya kitu kingine chochote, na kwa kuwa zinachoka polepole, watu hununua gia mpya, kabureta mpya na plagi mpya kabla ya kuzigusa.

Kasoro moja haina dawa: hedi za chuma ni nzito, na uzito huo uko mbele. Anayetoka kwenye 604 ahamishe vipande vya risasi vya kuongeza uzito nyuma na kushoto kabla ya kulalamika kwamba gari haligeuki.