Sindano ya kila miezi miwili: nimeitumia mwaka na nusu, haya ndo nilioyaona

Mie mtu wa Pemba, naishi London miaka mingi sasa, lakini haya nayaandika nikiwa nyumbani Chake, nimekuja harusini, na ni hapa ndo nimeijua hasa thamani ya hii sindano ya ARV, yani dawa ya kufubaza virusi vya UKIMWI, badala ya vidonge vya kila siku.

Zamani nikija huku kazi yangu ya kwanza ilikuwa kuficha chupa. Nyumba ya harusi munalala wanawake sita chumba kimoja, watoto wanafungua mikoba, shangazi anatafuta panadol kwenye begi lako wala haulizi, na vile vidonge ukitembea navyo vinalia ndani ya chupa. Nilikuwa navijazia pamba, navihamishia kwenye kopo la vitamini, nameza chooni kama mwizi. Ramadhani moja nilikosa siku tatu mfululizo, dawa ninazo ila faragha ya kumeza sikuipata. Wallahi nililia. Safari hii sikubeba kitu, begi langu yeyote alifungue.

Sasa huduma yenyewe. Ni dawa mbili, kabotegraviri na rilpivirini, kila moja mililita 3, moja kalio la kulia moja la kushoto, nesi ndo anakuchoma, huwezi kupewa ukajichome nyumbani. Mara mbili za mwanzo zinapishana mwezi, halafu inakuwa kila miezi miwili, yani siku sita tu kwa mwaka. Inauma, sikudanganyeni, siku mbili tatu kukaa ni kwa kuegemea upande na mara ya kwanza nilipata na homa kidogo. Sasa hivi yamebaki maumivu ya msuli tu, nikitembea tembea yanaisha.

Nna shoga yangu mmoja hapa hapa kisiwani, yeye yuko kwenye TLD, ARV ya kidonge kimoja kwa siku, anachukua CTC, kliniki ya wenye virusi vya UKIMWI. Nilipomwambia akanishika mkono akasema mwenzangu na mie naitaka. Nikamwambia subiri kwanza nikueleze vizuri. Hii huanzi nayo tu, lazima kwanza virusi vyako viwe vimefubaa, kipimo cha wingi wa virusi kiwe hakivioni. Na lazima upimwe homa ya ini B, maana vile vidonge vya TLD vinaikandamiza na hiyo pia, sindano haifanyi kazi hiyo, kwa hiyo mwenye homa ya ini B abaki na vidonge vyake. Na asiache vidonge leo kwa kusubiri sindano! TLD ni dawa nzuri sana, mie imeniweka hai.

Watu wakisema hii ni ya Wazungu tu si kweli. Imejaribiwa Uganda, Kenya na Afrika Kusini kwa watu 512, na baada ya mwaka waliochomwa na waliomeza walikuwa sawa sawa, kama 97 kati ya mia virusi vimetulia. Na Julai 2025 WHO, Shirika la Afya Duniani, wakasema nchi ziitumie kwa wale ambao tayari wako vizuri kwenye vidonge. Kwa hiyo na visiwa vyetu vijiandae, ndo ombi langu.

Lakini ikija ije mpaka Pemba, isiishie Unguja. Kalenda ya hii kitu haina huruma, una siku 7 kabla na siku 7 baada ya tarehe yako, ukipitiliza dawa inashuka mwilini pole pole na hapo ndo virusi vinajifunza usugu. Sasa mtu wa Micheweni umwambie apande boti kila miezi miwili, na kusi likivuma boti hazitoki, itakuwaje? Na rilpivirini inakaa kwenye friji, nyuzi 2 mpaka 8, kwa hiyo kliniki iwe na umeme wa akiba. Friji za chanjo tunazo mpaka vijijini, si jambo lisilowezekana. Na iwe na vidonge vya kuziba pengo kwa anayejua atasafiri, mie kliniki yangu hunipa nikiwaambia mapema.

Naipa nyota nne kati ya tano. Ile moja nimeikata kwa kalenda, si kwa maumivu.

Juzi wenye harusi walitaka kuisogeza mbele wiki mbili wakanambia nibadilishe tiketi. Nikawaambia haibadiliki, nna kazi London tarehe 12. Wakakubali, hakuna alouliza zaidi.