Taa za ishara kwenye reli ya mezani: ununue nini cha kuziendesha

Wakuu, kama ushatandika reli mezani, treni inazunguka vizuri na sasa unataka zile taa nyekundu, njano na kijani ziwake kama stesheni ya kweli, soma hapa kabla hujatoa hela, maana mimi nina kopo zima la Blue Band limejaa vitu nilivyonunua kwa pupa na havijawahi kuwaka. Naongelea HO, kipimo cha treni za mfano cha 1:87, yaani ndogo mara 87 kuliko ya kweli. Wa N, kile kipimo kidogo zaidi, mambo ni yaleyale, ila macho yatawauma zaidi.

Anza na nguzo yenyewe. Nguzo ya taa tatu inakuja na nyaya nne nyembamba kama unywele, tatu za taa na moja ya pamoja, na swali la kumuuliza muuzaji ni kama hiyo ya pamoja ni chanya au hasi, na mara nyingi hajui. Beba betri bapa ya 3V, ile CR2032 ya kwenye rimoti ya gari, gusisha waya wa pamoja upande wa chanya kisha nyingine mojamoja kwenye hasi, kama haiwaki geuza. Nguzo yangu ya kwanza niliunga kinyume nikamlaani muuzaji jioni nzima, kumbe nguzo nzima, mbovu ni mimi.

Rezista sasa, kile kidude cha kupunguza umeme unaoingia kwenye taa. LED nyekundu inakula kama 2V, kijani za siku hizi kama 3V. Ukiwa na adapta ya 12V toa 2, inabaki 10, gawa kwa 0.01 ampia unapata 1k (yaani ohm 1000), ile yenye mistari kahawia, nyeusi, nyekundu. Hiyo ni hesabu ya darasani. Mezani 1k inawaka mpaka kijani inakuchoma macho kama taa ya bodaboda, kwa hiyo nunua 4.7k na 10k za kutosha, robo wati inatosha kabisa, ni za bei ya pipi. Na kila taa iwe na rezista yake. Ukiweka moja tu kwenye waya wa pamoja utaokoa vijisenti, lakini siku ukiwasha nyekundu na kijani pamoja nyekundu itanyonya umeme wote na kijani itafifia. Pia angalia usije ukaongeza mara mbili, kuna nguzo zinauzwa na rezista tayari zimefichwa ndani ya ganda la waya, hizo pakiti inakwambia 12V.

Haya, vya kuendeshea, nimevipanga kwa jinsi ningenunua leo.

Namba moja ni Arduino Nano, kibao kidogo unachokiandikia programu kiwashe na kuzima taa, na hata ile kopi ya Kichina inafanya kazi, mradi uweke draiva ya CH340 (chipu yake ya USB) kwenye kompyuta. Bei inacheza duka hadi duka ila ni hela ya sahani chache za chipsi mayai. Tumia pini D2 mpaka D13 na A0 mpaka A5, jumla 18, yaani nguzo sita za taa tatu (A6 na A7 usihangaike nazo, haziwezi kutoa umeme). Chaja ya simu ya zamani inaiwasha. Inatoa 5V kwa hiyo kwa mwanga wa wastani anza na 1k. Kama nguzo yako ni chanya ya pamoja kumbuka mambo yanageuka, pini ikiwa LOW (0V) ndo taa inawaka, wengi hapo wanadhani wameunguza kitu. Ukizidi nguzo sita tafuta chipu za WS2811, kila moja ina njia tatu yaani nguzo moja, zinafuatana kwa waya mmoja wa data kutoka pini moja tu, ila zinataka chanya ya pamoja.

Namba mbili swichi ya kuzungusha yenye vituo vitatu. Usiicheke. Kama una nguzo mbili tatu na hutaki kuandika programu, hii unaifunga Jumamosi asubuhi na mchana unacheza.

Namba tatu dekoda ya DCC, yaani kifaa kinachopokea amri za kidijitali zinazopita kwenye reli na kuwasha taa. Kama treni zako tayari zinaendeshwa kwa DCC ni nzuri sana, unabadilisha taa kwa rimoti ileile, na ukipenda unaunga na JMRI kwenye kompyuta, programu ya bure ya kuendesha reli za mfano. Kama bado uko DC ya kawaida, ile ya kuongeza na kupunguza volti kwenye reli, achana nayo, gharama haina maana. Na kwenye DC usichukue umeme wa taa kutoka kwenye reli, volti inapanda na kushuka na mwendo wa treni, ukirudisha nyuma chanya inakuwa hasi.

Mwisho kabisa ni vile vibao vya taa za barabarani, vyenye IC ya 555 (chipu ya kuhesabu muda), vinavyobadilisha rangi vyenyewe kwa muda. Ni rahisi na vinapendeza dukani, lakini havijui treni iko wapi. Mimi nilikifunga, nikajisifu, dakika mbili hazijaisha mwanangu akaniuliza, "Baba, mbona treni imepita kwenye nyekundu?" Kiko kwenye kopo.