Ratiba moja, watu watatu: programu ipi ya kuandikia pamoja uilipie?

Ofisi yetu ndogo ya utalii iko Arusha, lakini mwenzetu anayepanga wapagazi na chakula yuko Moshi. Zamani tulitumiana ratiba kwa WhatsApp: "Ratiba mpya", "Ratiba ya mwisho", "Ratiba mwisho kabisa 2". Kuna wageni wanne walibadili njia ya kupanda Kilimanjaro, kutoka Marangu kwenda Machame. Nikarekebisha faili langu, Moshi wakaendelea na la jana. Marangu mgeni analala kwenye vibanda, Machame ni mahema. Saa mbili usiku tukawa tunazunguka kuazima mahema. Kosa lilikuwa langu.

Tangu hapo nimejaribu programu kadhaa. Nimezipanga kwa maswali mawili: mtandao ukikatika inakuwaje, na mwenzako mwenye simu tu ataingiaje?

1. Google Docs

Hii ndiyo tunayotumia. Ni bure kwa mwenye akaunti ya Google, na karibu kila mwenye simu ya Android tayari anayo. Ukiandika Arusha, herufi zinatokea Moshi papo hapo, na unaona kishale cha mwenzako kikitembea kwenye sentensi yako. Ukimtumia mtu linki bila yeye kuingia kwenye akaunti, anaonekana kwa jina la mnyama. Siku moja kapibara aliingia kwenye ratiba yetu ya Tarangire, tukacheka mpaka tukasahau kuuliza ni nani. Kwa hiyo linki ya kuhariri wape watu wa kazi tu. Mgeni mpe ya kusoma.

Kinachoipa nafasi ya kwanza ni historia ya matoleo. Mtu akifuta siku ya tatu yote kwa kidole, unarudi nyuma, unaona nani kafuta na saa ngapi, unairudisha. Pia inafanya kazi bila intaneti, ila lazima uwashe mpangilio huo mapema, mtandao ukiwepo. Kwenye kompyuta utahitaji Chrome au Edge. Kwenye simu unalichagua faili lenyewe. Ukisubiri umeme ukatike ndiyo ukumbuke, umechelewa.

Nafasi ya bure ni GB 15, lakini barua pepe na picha zako zinakula humo humo. Ya kulipia, Google Workspace, hutozwa kwa kila mtumiaji kwa mwezi. Kifurushi cha chini kina GB 30 kwa mtu na barua pepe yenye jina la kampuni. Mimi nililipa kwa sababu nyingine kabisa: kwenye akaunti binafsi, faili ni la aliyelianzisha. Mfanyakazi akiondoka, ratiba zinabaki mikononi mwake.

2. Word ya Microsoft

Kama mawakala wako wa nje hawataki kingine ila Word, anzia hapa. Ya kwenye kivinjari ni bure pamoja na GB 5 za OneDrive, hifadhi ya mtandaoni ya Microsoft, na jedwali la bei halivurugiki kama linavyovurugika likihamishwa kutoka Google. Tatizo, hiyo ya bure inategemea mtandao. Kufanya kazi bila intaneti kwenye kompyuta kunataka programu kamili ya kulipia. Na faili lazima likae OneDrive na liwe la docx, aina ya kawaida ya faili la Word. Ukilituma kama kiambatisho, mmerudi kwenye "mwisho kabisa 2".

3. CryptPad

Ya Wafaransa. Maandishi yanafungwa kwa siri kabla hayajatoka kwenye kifaa chako, hata wenye mtambo hawayasomi. Nzuri kwa nakala za pasipoti na mishahara. Ukisahau nywila, usitegemee wao kukufungulia.

4. Etherpad

Nyepesi, haitaki akaunti, kila mwandishi ana rangi yake. Inatosha kwa kumbukumbu za kikao. Kwa ratiba yenye picha na bei, hapana.

Notion, programu nyingine ya kuandikia pamoja, nimeiacha nje. Ni nzuri, ila mwenzetu wa Moshi aliifungua mara moja akanipigia: "Sasa naandika wapi?"

Kabla hujalipa, fungua faili moja kwenye simu mbili. Zima data kwenye moja, andika mistari mitatu, washa tena, uone kama mistari yako imefika upande wa pili.