Zoom G1X Four jukwaani Kampala: uzoefu wangu na seben, kanisa na kwanjula

Niliinunua Zoom G1X Four, mashine ndogo ya efekti za gitaa inayokanyagwa kwa mguu, kwa sababu ya boda boda. Mpiga gitaa anayetoka ibadani Makindye asubuhi na kutakiwa kwenye kwanjula (sherehe ya Kiganda ya utambulisho kabla ya ndoa) Mukono mchana hawezi kubeba ampu ya mirija (ya zamani, inayotumia taa za kioo ndani) mgongoni, na hata akiweza, huko aendako hana uhakika wa umeme. Mashine hii inaingia mfuko wa mbele wa begi la gitaa pamoja na nyaya zake, na mvua ya saa tisa ikinikuta njiani natafuta kibaraza nasimama, vitu vyangu vyote viko mgongoni.

Niseme msimamo wangu mapema. Kwa muziki ambao wengi wetu tunapiga hapa, yaani seben (kile kipande cha kasi cha gitaa katika muziki wa Kikongo), sifa za kanisani na nyimbo za harusi, mashine ndogo kama hii inatosha. Pesa ambayo ungeiongeza ili upate kubwa zaidi itakufaa ukiiweka kwenye kisanduku cha DI (kinachounganisha gitaa na mikisa bila kelele), waya mzuri na chanzo cha umeme kisichovuma.

Ilitoka 2019. Ndani yake mna ampu 13 za kuigiza na efekti zaidi ya 70, ila kwa wakati mmoja unapewa nafasi 5 tu. Ina kipimo cha kulinganisha nyuzi, lupa (kirekodi kinachorudia kipande ulichopiga) ya sekunde 30, midundo 68 ya ngoma ya kufanyia mazoezi, na kanyagio la mguu upande wa kulia. Haipokei IR, zile rekodi fupi za tabia ya spika halisi ambazo mashine za bei ya juu hukubali kupakiwa. Mimi niliilipia chini ya shilingi milioni moja. Ukitaka Line 6 Helix au Quad Cortex ya Neural DSP, hapo unazungumzia pesa ya pikipiki.

Kwa nini nasema inatosha? Sehemu ngumu kuiga katika ampu ni pale inapoungurumishwa. Mirija ikizidiwa hubadilika kila unapogusa uzi kwa nguvu tofauti, na hapo ndipo mashine ya bei nafuu husikika imekauka. Sauti safi haina fumbo kubwa kiasi hicho: ni ikwalaiza, mgandamizo kidogo na tabia ya spika. Roland ilitoa JC-120 mwaka 1975, mwaka uleule Afrigo Band ilipoanzishwa hapa Kampala, na ampu hiyo haina mrija hata mmoja, lakini usafi wake na korasi yake (efekti inayolifanya gitaa lisikike kama mawili) vimekuwa kipimo cha wapiga gitaa duniani kote. Mtu wa mi-solo, gitaa la kati linalojaza baina ya ridhimu na solo, anahitaji kila noti itoke imekatika vizuri, ing'ae bila kuchoma, na isimezwe na besi. Kazi hiyo G1X Four inaiweza. Nimesimama kando ya mwenzangu mwenye mashine ya bei mara kadhaa ya yangu, tukapokezana seben moja ndefu, na waliokuwa wanacheza mbele yetu hawakubadilisha hatua.

Ila usiiwashe ukategemea sauti za kiwandani. Karibu mashine zote za aina hii huja na pachi (mipangilio ya sauti iliyohifadhiwa) zilizopangwa kumshangaza mtu dukani: riverbu (mwangwi wa ukumbi) kama pango, dilei (marudio ya noti) tatu tatu, ngurumo ya rock. Ukiingia nazo katikati ya kinanda, besi, ngoma na waimbaji sita, gitaa linageuka ukungu. Mimi nilizifuta karibu zote nikajenga pachi chache kuanzia sifuri. Hapo ndipo mashine ilipoanza kunilipa.

Jambo la kwanza lililobadilisha sauti yangu ni kuacha kuijenga chumbani. Sikio la binadamu haliko sawa kwa sauti ndogo na kubwa. Watafiti Fletcher na Munson walilipima hilo tangu 1933. Sauti ikiwa chini, besi na zile za juu kabisa tunazisikia kwa udhaifu, kwa hiyo ukiwa na hedifoni usiku unaziongeza hadi gitaa liwe tamu. Jumapili ukifunguliwa kwenye spika kubwa, besi uliyoiongeza inagongana na mpiga besi, na ile ncha ya juu inawatoboa wazee wa viti vya mbele. Sasa nafika kanisani mapema kabla ya mazoezi, naomba spika zifunguliwe kwa kiwango cha ibada, narekodi kipande kwenye lupa, nakiacha kizunguke, kisha nashuka kukaa kwenye benchi za katikati nisikilize. Nikirudi jukwaani najua cha kupunguza. Lupa ya sekunde 30 ni fupi kwa onyesho, lakini kwa kazi hii inatosha na kubaki, na sijui kwa nini haisifiwi kwa hilo.

La pili ni spika. Spika ya ampu ya gitaa huanza kufifia kuanzia kwenye kilohezi 5 hivi. Spika za ukumbini zina honi zinazofika karibu kilohezi 20, kwa hiyo kila mkwaruzo wa plektra ambao ampu ingeuficha, spika hizo zinautangaza. Ndiyo maana gitaa lililochomekwa moja kwa moja kwenye mikisa hulia kama mbu. Dawa yake ni kabineti ya kuigiza, yaani efekti inayoiga spika ya gitaa, kisha kukata juu kuanzia kilohezi 5 au 6. Chini nakata kuanzia hezi 100. Uzi mnene wa gitaa ukiwa wazi uko kwenye hezi 82, ndiyo, lakini solo yangu haikai huko, na eneo hilo ni la mpiga besi na kiki ya ngoma. Na ukikuta ukumbi una ampu halisi ya gitaa ukaingia kwenye jeki yake ya mbele, zima kabineti ya mashine. Spika ya kuigiza ikipita ndani ya spika ya kweli hutoa sauti ya mtu anayezungumza na kitambaa mdomoni. Nina pachi zilezile mara mbili, yenye kabineti na isiyo nayo, zimekaa jirani.

Nafasi zangu 5 nimezigawa hivi: kompresa, ampu safi ya aina ya Fender, kabineti, korasi, dilei. Riverbu haimo. Ukumbi wenye paa la mabati na sakafu ya saruji una mwangwi wake tayari, na fundi wa sauti akitaka kuongeza anayo kwenye mikisa. Kompresa, ile inayogandamiza tofauti za nguvu, naiweka nyepesi. Ukiibana sana, noti zote zinakuwa na urefu mmoja na seben inapoteza mruko. Dilei naipanga kwa hesabu, si kwa kukisia. Gawa 60,000 kwa kasi ya wimbo upate milisekunde za pigo moja. Wimbo wa mapigo 130 kwa dakika unatoa 461, na robo tatu ya hapo ni 346. Weka 346, marudio mawili tu, kwa sauti ya chini sana, uone jinsi mi-solo ya gitaa moja inavyojaa kana kwamba kuna mwenzako wa pili nyuma yako. Ukishindwa hesabu jukwaani, gonga tempo, lakini ile namba ya hakika inaketi vizuri zaidi kama mpiga ngoma ana metronomu masikioni.

Pachi zote nimezisawazisha kwa sauti, ile ya solo ikizidi kidogo tu. Hapa watu hukosana na mafundi bila sababu: unabadilisha pachi, gitaa linaruka, fundi anakushusha, unarudi kwenye pachi ya kawaida umepotea kabisa.

Sasa jeki ya kutolea sauti, maana hili limewasumbua wengi na halielezwi dukani. G1X Four ina tundu moja tu la kutoka, la stirio, na hilohilo ndilo la hedifoni. Kwenye kwanjula moja fundi wa sauti alitoa waya kwenye begi lake, mnene, mpya, wenye pete mbili nyeusi kwenye kila ncha, akachomeka upande mmoja kwangu na mwingine kwenye laini ya mikisa yake. Nikapiga. Akavua hedifoni zake akaniita, "Kaka, gitaa limekwenda wapi? Huku nasikia mwangwi peke yake." Na kweli, kwenye spika ilikuwa inatoka korasi na mkia wa dilei, gitaa lenyewe halimo. Sababu yake ni hii: tundu la mikisa lenye mistari miwili hutegemea kupokea sauti ileile iliyogeuzwa, kisha hutoa mmoja kwenye mwingine ili kuua kelele. Mashine ya stirio inapeleka kushoto na kulia. Kilicho sawa pande zote mbili, yaani gitaa lako, kinajifuta. Kinachobaki ni tofauti tu, yaani efekti za stirio. Nilimwambia, "Ssebo (bwana), nipe waya wa pete moja," akabadilisha, gitaa likarudi. Tangu hapo natembea na waya wangu wa mono na kisanduku cha DI, kwa sababu waya wa gitaa ukizidi mita sita hivi huanza kuokota kelele za taa na jenereta. Kisanduku kina swichi ya kutenganisha ardhi. Mvumo ukianza, hiyo ndiyo ya kugusa kwanza.

Umeme. Hapa mashine hii inastahili sifa zote. Inakula betri 4 ndogo za AA, inakubali adapta ya volti 9, na pia inakubali umeme wa USB, maana yake pawa benki ya simu inaiwasha. Umeme ukikatika katikati ya sifa, ukumbi unazima, jenereta inavutwa, taa zinarudi, na pachi yangu bado iko palepale kwenye kioo. Halafu kuna faida ambayo sikuitarajia: kwa betri au pawa benki, ule mvumo wa hezi 50 unaopanda kupitia adapta haupo. Kwenye hema lenye jenereta inayoyumba, mimi sichomeki ukutani hata nikipewa tundu. Ukihitaji adapta, angalia mchoro mdogo ulioko kwenye kibandiko chake. Vifaa vya gitaa vingi, hiki kikiwemo, vinataka hasi katikati. Adapta zinazouzwa mitaani za ruta na kamera za ulinzi nyingi zina chanya katikati, na za kamera huwa ni volti 12. Plagi inaingia vizuri tu, na hapo ndipo hatari ilipo.

Noizi geti, efekti inayofunga sauti ikishuka ili kuzima kelele, siitumii kwa sauti safi. Inakata mkia wa noti, na mkia wa noti ndio utamu wa wimbo wa polepole wa ibada. Kuhusu kuchelewa kwa sauti, ambako watu hukuogopa katika mashine za dijitali, sauti yenyewe hewani husafiri kama sentimita 34 kwa milisekunde. Ukisimama mita moja kutoka kwenye ampu tayari umechelewa karibu milisekunde 3, na hakuna aliyewahi kulalamika.

Programu ya Guitar Lab inataka kompyuta na waya wa USB unaopitisha data. Nyaya nyingi za chaja za bei rahisi hupitisha umeme tu, kwa hiyo usidhani mashine imekufa. Kwa kompyuta unapanga pachi kwa utulivu na, muhimu zaidi, unahifadhi nakala. Fanya hivyo kabla ya kuboresha programu ya ndani.

Kama unapenda ngurumo kweli, hapo nakiri G1X Four ina kikomo, na kabla ya kuvunja kibubu jaribu Neural Amp Modeler ya Steven Atkinson. Ni ya bure, inafunguliwa kwenye kompyuta, na inapakia sampuli za ampu halisi ambazo wapiga gitaa wameziachia huru. Ukiwa na kifaa cha kuingizia sauti na ukaweka bafa (akiba ya muda ya sauti kwenye kompyuta) ya sampuli 128 kwa kilohezi 48, unaongeza milisekunde 2.7 tu kwa kila upande. Studioni naitumia hiyo. Jukwaani sipeleki kompyuta.

Anayeinunua iliyotumika aje na gitaa lake na pawa benki. Sukuma kanyagio kutoka mwisho hadi mwisho ukiwa umeliweka kwenye sauti, usikilize kama kuna mahali panaporuka au kukwaruza. Tikisa plagi taratibu kwenye matundu yote mawili, la kuingia na la kutoka. Fungua mlango wa betri uangalie kama kuna kutu ya kijani kwenye vyuma, kisha bonyeza kila swichi ya mguu mara nyingi mfululizo, kwa kiatu, siyo kwa kidole.