Fundi wa oveni ya udongo Usa River, mpeni kazi
Jamani huyu mzee anajua. Katumia udongo wa kichuguu kachanganya na mchanga na nyasi kavu, chini kapanga chupa tupu ili joto lisiishie ardhini, juu yake matofali ya kuchoma, halafu kuba kalijengea juu ya lundo la mchanga uliolowa lililofunikwa magazeti, udongo ukikaza mchanga unautolea mlangoni. Nilichompendea zaidi hana haraka, alikataa kabisa moto mkubwa kabla haijakauka, ni vimoto vidogo vidogo tu maana unyevu ukibaki ndani inapasuka. Sasa hivi unatoa makaa unaingiza mikate inaiva vizuri mno, na kuku ndo usiseme! Bei imechangamka kidogo ila inastahili. Mwambieni aweke na kibanda juu, mvua inamomonyoa udongo.